Mvua Moja kwa Mwaka: Historia ya Rutuba ya Chiola na Nchi ya Nachingwea

Mwezi wa Oktoba, ukipita Chiola, utadhani ardhi imekufa. Nyasi zimeungua, na zile zilizosalimika zimekauka hadi zinavunjika mkononi. Maji ya visima yameshuka, vumbi jekundu limetanda juu ya majani ya mikorosho. Kisha unainua macho kuelekea porini na kuona jambo la kushangaza: miyombo inachipua. Majani machanga, mekundu kama shaba, yanatoka wakati mbinguni hakuna hata wingu. Mvua iko mbali bado, wiki nne au sita, na mti umekwisha kuuanza mwaka wake.

Mti huo unaishi kwa akiba. Una maji uliyoyaweka shinani na yale ambayo mizizi yake inayafikia chini sana ya ardhi. Una madini uliyoyarudisha ndani ya matawi kabla ya kuangusha majani ya mwaka uliopita. Majani yakifunguka mapema, mvua ya kwanza inaukuta mti uko tayari kula.

Historia ya nchi hii ya Nachingwea na Ruangwa, kati ya bonde la Mbwemkuru na bonde la Lukuledi, inaweza kusimuliwa kwa kuifuata akiba hiyo. Kila zama ilikuwa na watu walioitunza, walioichota, walioiteketeza au walioiacha ijijaze upya. Na kila mara mvua, inayokuja msimu mmoja tu kwa mwaka, ndiyo iliyotoa hukumu.

Mwamba mkongwe na msimu mmoja

Tuanze na mwamba. Kuelekea Masasi kuna vilima vya mawe vinavyosimama peke yake katikati ya tambarare, kama visiwa baharini. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyechunguza miamba ya kusini mwishoni mwa karne ya 19, ndiye aliyevipa jina la kitaalamu lenye maana hiyohiyo, vilima-visiwa, katika kitabu chake cha mwaka 1900. Leo wanajiolojia duniani kote wanalitumia. Vilima hivyo ni masalio. Ardhi iliyovizunguka ililiwa na mvua na joto kwa mamilioni ya miaka, na madini mengi yanayoyeyuka yalikwenda zake baharini. Kilichobaki ni udongo mwekundu wenye kina, mzuri kuulima ukiwa na unyevu, lakini wenye rutuba kidogo. Wekundu wake ni kutu ya chuma, na chuma hicho huishika fosforasi kwa nguvu hata mimea mingi ikashindwa kuifikia.

Juu ya udongo huo hunyesha mvua ya msimu mmoja. Huku hakuna vuli na masika kama Dar es Salaam au Tanga. Mvua huanza Novemba au Desemba, huisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, na kwa mwaka mzima Nachingwea hupata wastani wa milimita 800 hadi 900. Mara nyingi hukatika kwa wiki kadhaa Januari au Februari, mazao yakiwa bado machanga. Baada ya hapo inafuata miezi sita ya ukame.

Jua halikosi mwezi wowote. Ila jani haliwezi kuigeuza nishati ya jua kuwa chakula bila maji. Udongo ukikauka, jani hufunga matundu yake ili lisipoteze unyevu, na utengenezaji wa chakula unasimama. Kwa hiyo nishati yote ambayo mdudu, ndege, mnyama na binadamu watakula mwaka mzima huingia kwa wingi katika miezi mitano au sita. Miezi inayobaki ni ya kugawana kilichokwisha kuvunwa.

Wageni wengi huuliza kwa nini pori la kusini, lenye mvua ya kutosha, halijai wanyama kama Serengeti. Jibu limo katika ndoa ya mvua na udongo. Nyanda za nyasi fupi za Serengeti hupata mvua chache kuliko Nachingwea, lakini udongo wake umetokana na majivu ya volkano za Ngorongoro, wenye kalisi na fosforasi tele. Nyasi zake ni fupi na tamu, zinalisha nyumbu zaidi ya milioni moja. Kusini, mvua huzirefusha nyasi haraka, na udongo hauna cha kuzitia utamu. Ifikapo Julai zimekuwa ndefu, ngumu, na chache tu ndizo zinazoliwa na wanyama. Nishati iliyomo ndani yake hutoka zaidi kwa njia nyingine mbili: mchwa na moto.

Mchwa hufanya kazi hata wakati wa kiangazi. Huzibeba nyasi na vijiti hadi ndani ya kichuguu, ambako baadhi yao hulima kuvu wa kuvimeng'enya. Ndiyo maana udongo wa kichuguu una rutuba kuliko wa pembeni, na wakulima wanaujua vizuri. Moto kwa upande wake hauhifadhi kila kitu. Nyasi zikiungua, naitrojeni na salfa hupaa pamoja na moshi, ilhali fosforasi, kalisi na potasiamu hubaki kwenye majivu. Chini ya ardhi, mizizi ya miyombo imeunganika na nyuzi za kuvu zinazokwenda kutafuta fosforasi mahali ambapo mzizi peke yake usingefika. Mvua zikishika, kuvu hao hutoa uyoga, na akina mama hurudi kutoka porini na vikapu vilivyojaa. Uyoga ule wa Desemba ni kionjo kidogo tu cha kazi inayoendelea chini mwaka mzima.

Jembe, majivu na misafara: hadi 1905

Wamwera, na baadaye Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangindo walioishi jirani nao, walikuta nchi yenye masharti hayo. Ng'ombe hawakuweza kukaa, kwa kuwa mbung'o wa pori la miyombo huwaambukiza ugonjwa wa nagana. Pasipo ng'ombe hapana samadi. Mkulima alibaki na njia moja ya kuilisha ardhi yake, nayo ni kuuacha mti uifanye kazi hiyo.

Mwendo wa mwaka ulikuwa hivi. Baada ya mavuno, wakati pori limekauka, watu walifyeka kipande kipya. Matawi yalirundikwa, yakaachwa yakauke, yakachomwa karibu na mvua. Madini ambayo mizizi ilikuwa imeyavuta kutoka chini kwa miaka mingi yalishushwa juu ya udongo kwa siku moja, kwa umbo la majivu. Majivu hupunguza uchachu wa udongo na kuifungua fosforasi kidogo. Mtama, mahindi, kunde, karanga na mihogo vilipandwa humo, mara nyingi kwa kuchanganywa. Baada ya misimu mitatu au minne, mavuno yalipungua na magugu yakazidi. Shamba liliachwa. Likawa mashokora, kisha kichaka, na baada ya miaka kumi na tano, ishirini au zaidi likarudi kuwa pori.

Maafisa wa kikoloni waliuita mtindo huu uharibifu. Kwa hakika ulikuwa namna ya kukopa na kulipa. Ulihitaji vitu viwili: ardhi pana na muda mrefu. Vyote viwili vilikuwepo mradi watu hawakuwa wengi na hakuna aliyewalazimisha kukaa mahali pamoja.

Biashara ya karne ya 19 iliugusa mzunguko huo kwa namna ya pekee. Misafara iliyoteremka Kilwa na Lindi ilibeba pembe za ndovu, nta, sandarusi na, mwishoni mwa karne, mpira wa porini. Tazama bidhaa hizi kwa jicho la udongo. Nta, sandarusi na mpira vimeundwa karibu vyote kwa kaboni na haidrojeni, vitu ambavyo mmea huvipata hewani na majini. Mzigo wa nta ukiondoka Nachingwea, ardhi haipotezi kitu cha maana. Kilichoiumiza nchi katika misafara hiyo kilikuwa biashara ya watumwa, iliyoondoa mikono ya kufyeka, kupalilia na kuwafukuza wanyama mashambani.

1905 hadi 1922: vita, njaa na pori lililorudi

Serikali ya Kijerumani ilileta zao la namna nyingine, pamba, na ikaleta pia shuruti. Kuanzia 1902 mashamba ya pamba ya jumuiya yaliwalazimisha watu wa sehemu nyingi za kusini mashariki kuacha mashamba yao katika majuma yaleyale ambayo mvua inamtaka mkulima awe kwake. Katika nchi ya misimu miwili, aliyechelewa anaweza kungoja mvua nyingine. Katika nchi ya msimu mmoja, siku kumi za shuruti mwezi wa Desemba zinaweza kumaanisha njaa mwezi wa Februari mwaka wa pili.

Julai 1905 Vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Matumbi. Agosti vilikuwa vimefika kwa Wamwera, na misheni ya Wabenediktini ya Nyangao ikateketezwa. Watu waliamini maji ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yangegeuza risasi kuwa maji. Serikali ya Gavana Götzen ilijibu kwa kuushambulia mzunguko wa chakula wenyewe: ikachoma maghala, ikateketeza mazao shambani na kuzuia kilimo. Nishati ya mvua ya mwaka mmoja ilikuwa ndani ya maghala yale, na hakukuwa na nyingine hadi msimu uliofuata. Waliokufa, wengi wao kwa njaa na maradhi, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Kabla nchi haijapona, Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika mlangoni. Oktoba 1917 majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalipigana Mahiwa, karibu na Nyangao, na pande zote mbili zilichukua chakula na wapagazi vijijini.

Pori likafuata nyuma ya watu waliokufa na waliohama. Mashokora yakawa vichaka, vichaka vikawa miyombo, na mbung'o akapata kivuli. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977, alieleza kwamba sehemu nyingi za Tanganyika zilikuwa chini ya uangalizi wa wakulima na wafugaji hadi magonjwa na vita vya miaka ya 1890 na kuendelea vilipouvunja uangalizi huo. Mwaka 1922, kaskazini magharibi mwa nchi hii, serikali ya Kiingereza ilitangaza Pori la Akiba la Selous, na baadaye likapanuliwa kwa kuhamisha watu wa upande wa Liwale. Mgeni aliyefika miaka ile aliona msitu mkubwa usio na watu akadhani ndivyo ulivyokuwa tangu kuumbwa kwa dunia. Mara nyingi alikuwa amesimama juu ya mahame.

1946 hadi 1951: wiki tisa za kiangazi

Kosa hilo la macho ndilo lililozaa mradi mkubwa kuliko yote katika historia ya Nachingwea. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, alipendekeza karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa wiki tisa katikati ya mwaka huo, na sehemu kubwa ya nchi uliitazama kutoka ndani ya ndege. Ulirudi na mpango wa ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliukubali, na fedha zilizokadiriwa zilikuwa kama pauni milioni 25.

Katikati ya mwaka ni kiangazi. Wajumbe waliiona nchi ikiwa imelala. Walipima ukubwa wa ardhi na uwazi wake, wakasoma takwimu chache za mvua zilizokuwepo. Udongo waliuchukulia kama ghala: ondoa miti, chota rutuba. Katika pori la miyombo, akiba kubwa iko ndani ya miti yenyewe, katika tabaka jembamba la mboji na katika nyuzi za kuvu, na mvua ndiyo inayoizungusha baina ya hivyo vyote. Ukiondoa mti umeondoa ghala pamoja na mtunza ghala.

Kongwa ilikuwa ya kwanza kuonja. Mwaka 1947 lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Tuangalie karibu jinsi karanga inavyozaa. Ua likishachavushwa, kikonyo huinama, kikachoma udongo na kuzika mbegu. Ganda hukua gizani na kunyonya kalisi moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaoligusa. Kwa hiyo karanga inahitaji udongo laini mara mbili, wakati wa kuzika na wakati wa kung'oa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua ilipokatika uligeuka kama tofali, na karanga zilizokuwa chini zikafungiwa humo.

Nachingwea ilitazamiwa kufidia hasara hiyo kwa sababu mvua yake ni ya uhakika zaidi. Hapo tatizo lilikuwa ukubwa wa pori lenyewe. Ilijengwa reli kutoka hori la Lindi hadi Nachingwea, ikafunguliwa 1949, na bandari yenye kina ikaanza kujengwa Mtwara. Yaliletwa matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mashine mbili zilienda sambamba zikiburuta mnyororo wa nanga ya meli na kuiangusha miti ng'ambo hadi ng'ambo. Magogo yalisukumwa kwenye safu ndefu na kuchomwa. Ukilinganisha na moto wa mkulima wa Kimwera utaona tofauti. Yeye alitandaza matawi, majivu yakaenea shamba zima, na visiki vikaachwa hai vichipue tena. Mashine ziliacha majivu yamelundikana kwenye mistari, udongo wa katikati umekandamizwa na minyororo ya chuma, na mizizi imeng'olewa pamoja na kuvu wake. Mvua kubwa za Desemba zikaukuta udongo huo mtupu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji hakuulizwa alikuwa anaugua nini. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mradi, ikafuta hasara ya zaidi ya pauni milioni 35.

1951 hadi 1963: mvua ya kwanza yaingia maabara

Hata hivyo hasara ile iliacha kitu cha thamani. Idara ya utafiti ya mradi, iliyoongozwa na Hugh Bunting, ilikuwa imeanza kupima mambo ambayo yalipaswa kupimwa kabla: mvua ya kila wiki, udongo wa kila bonde, tarehe za kupanda. Nachingwea ikabaki kituo cha majaribio, na mashamba yakapita mikononi mwa Tanganyika Agricultural Corporation, iliyoweka wakulima Waafrika kama wapangaji. Majaribio ya mbolea za fosfeti, soya na ufuta yaliendelea pale katika miaka ya 1950, na urithi wake ulikuja kuhamia kituo cha Naliendele karibu na Mtwara.

Wakati huohuo, Muguga nchini Kenya, mwanasayansi H. F. Birch alikuwa akilowesha udongo mkavu na kupima kinachotokea. Mwaka 1958 alichapisha matokeo. Udongo uliokauka, ukipata maji, hulipuka kwa uhai. Vijidudu vilivyosalimika huamka, hula wenzao waliokufa na mboji iliyopasuka kwa ukavu, na kwa siku chache naitrojeni nyingi huachiwa. Kadiri udongo ulivyokaa mkavu kwa muda mrefu, ndivyo mlipuko unavyokuwa mkubwa. Wanasayansi wa dunia nzima wanauita kwa jina lake hadi leo.

Hebu tuuweke ugunduzi huo kwenye shamba la Chiola. Miezi sita ya kiangazi imekausha udongo kabisa. Usiku mmoja wa mwishoni mwa Novemba mvua inapiga, na harufu ya ardhi inajaza nyumba. Katika siku zinazofuata, chini ya kila hatua ya mguu, naitrojeni inaachiwa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mmea wenye mizizi utaipata. Mbegu iliyopandwa wiki tatu baadaye itakuta mvua kubwa zimekwisha kuishusha chini, isikoweza kuifikia. Ndiyo sababu mzee wa kijijini humhimiza mjukuu wake azike mbegu kwenye vumbi kabla ya mvua, ingawa ni kubahatisha, kwani mvua ya uongo inaweza kuziotesha na kuziua. Ndiyo sababu pia muyombo hufungua majani Oktoba. Mzee na mti walifikia uamuzi mmoja kabla ya maabara kuueleza.

Mwaka 1960 A. C. Evans naye alichapisha majaribio ya Tanganyika ya kupanda mahindi au mtama pamoja na karanga. Mchanganyiko ulitoa mavuno mengi zaidi kwa eneo lilelile kuliko kila zao likipandwa peke yake. Kilimo kilichodharauliwa kuwa cha fujo kilipata hesabu yake.

Reli haikupata mzigo wa kutosha, ikafungwa 1962. Garimoshi liliondoka, lakini kata moja ya Nachingwea inaitwa Stesheni hadi leo.

1967 hadi 1990: vijiji na mikorosho

Mti uliokuja kuishika nchi baada ya karanga ulikuwa mgeni wa zamani. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, na katika karne ya 20 ukaenea kusini yote. Unaifaa hali ya hewa hii kwa sababu unafuata mwendo wa miyombo: mizizi yake hufuata maji chini sana, huchanua katika kiangazi, na huzaa kuanzia Oktoba. Hutumia jua la miezi ambayo mahindi yamekwisha kukauka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata kama tani 145,000 za korosho.

Kati ya Azimio la Arusha la 1967 na katikati ya miaka ya 1970, watu wa Lindi na Mtwara walikusanywa kwenye vijiji vikubwa. Shule, zahanati na maji vilisogea karibu, na hilo lilikuwa jema ambalo wengi walilitaka. Kwa upande wa ardhi mambo mawili yalibadilika. Mashamba ya kuzunguka kijiji yalilimwa mfululizo bila mapumziko, maana hakuna aliyeweza kuhama tena. Na mikorosho iliyoachwa mbali haikupaliliwa wala kupogolewa. Matawi yakashikana, hewa ikakosa njia.

Hapo ndipo ubwiri unga ulipopata mwanya. Kuvu huyu hupenda maua machanga katika usiku wa baridi na umande wa Juni hadi Septemba, ndani ya mti uliosongamana. Pamoja na bei duni, alisaidia kuishusha korosho ya nchi nzima chini ya tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Dawa iliyopatikana ilikuwa unga wa salfa, na watafiti wa Naliendele walisaidia kuueneza. Mavuno yalipanda. Lakini salfa ikianguka chini, vijidudu huigeuza kuwa tindikali mvua zinapokuja. Mwaka 1997 mwanasayansi Mtanzania Amos Majule na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba udongo wa chini ya mikorosho iliyopuliziwa ulikuwa unazidi uchachu. Udongo ambao tangu mwanzo ulikuwa na kalisi kidogo sasa uliongezewa asidi kwa mkono wa mwanadamu.

2003 hadi leo: daraja, ufuta na ng'ombe

Agosti 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Mto Rufiji, na kusini ikaungana na Dar es Salaam kwa barabara. Biashara ya magogo ililipuka. Mininga, mikongo na mipingo ya miaka mingi iliondoka kwa malori. Baadaye ikaja neema ya ufuta. Ufuta hupenda ardhi mpya, na bei ikiwa nzuri mkulima hufungua pori kila baada ya misimu michache. Chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kimebeba ndani ya jina lake wilaya tatu, Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na kupitia maghala ya wanachama wake hupita korosho, ufuta na mbaazi. Fedha hizo zimejenga nyumba za bati na kusomesha watoto. Wakati huohuo kila gunia la ufuta linaondoka na fosforasi na naitrojeni, tofauti na mzigo wa nta wa zamani, na mapumziko ya ardhi yamefupishwa mno kiasi kwamba haiwezi kulipa deni.

Tangu wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, ng'ombe nao wamefika mkoani Lindi kwa wingi. Wameleta ugomvi wa malisho na maji. Wameleta pia samadi, kitu ambacho nchi hii haikuwahi kuwa nacho kwa kiasi hicho. Samadi hukusanya rutuba ya pori pana na kuilundika zizini. Ikibaki pale ni hasara, ikipelekwa shambani ni neema. Mapatano ya mkulima na mfugaji yana uzito kwa udongo kama yalivyo na uzito kwa amani.

Na mvua zenyewe hazitulii. Mei 2024, wakati ambapo kiangazi kilitazamiwa kuanza, kimbunga Hidaya kilimwaga mvua mkoani Lindi hadi barabara kuu ya Dar es Salaam ikakatika. Joto likiongezeka, mboji huoza haraka zaidi. Mvua ikija kwa vishindo, kilichoachiwa husombwa kabla hakijaliwa.

Kuna watu wanaojibu. Sheria ya Misitu ya 2002 iliviruhusu vijiji kumiliki na kusimamia misitu yao, na vijiji vya Kilwa jirani vimekwisha kuonyesha kwamba mpingo unaweza kuuzwa kwa kipimo huku msitu ukibaki. Mashambani jibu limesimama bila kelele: mbaazi. Hupandwa pamoja na mahindi mvua za mwanzo, hukaa chini ya kivuli chake bila kudai makuu, na mahindi yakivunwa ndipo inaponyanyuka. Mizizi yake hushuka chini, hufanya kazi na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, na hutoa asidi inayoifungua fosforasi iliyoshikwa na chuma. Agosti 2017 India ilipobana uagizaji, bei ya mbaazi ilianguka na wakulima wengi walivunjika moyo. Soko lilikuwa na hasara. Udongo ulibaki na faida yake.

Pita Chiola mwezi wa Julai. Mabua ya mahindi yamelala, nyasi zinageuka rangi, na mbaazi peke yake imesimama kijani katikati ya shamba kavu, ikiangusha majani yake pole pole juu ya udongo mwekundu. Majani hayo yatalala hapo hadi Novemba, na usiku wa mvua ya kwanza yatageuka chakula cha mbegu zitakazokuwa zimezikwa. Atakayekuja tena na mpango mkubwa wa ardhi hii, awe mgeni au mwenyeji, tumwombe jambo moja ambalo wajumbe wa 1946 hawakulifanya: akae mwaka mzima. Aione Julai, aione Oktoba, na asiondoke kabla ya kunusa ardhi ya Novemba.